Mchinjaji, Kobe na Nyoka: Waovu Waliopewa Vyeo katika Miungu wa Sanyuanli

Mwezi uliopita, katika kipindi cha klabu cha Ijumaa jioni, tulicheza kwa Kiswahili ule mchezo wa mezani ambao kila mtu hujitwalia mhusika, akaandika sifa zake kwenye karatasi, kisha dadu zikaamua kama upanga wake umepiga au umekosa. Mwongoza mchezo wetu, dada wa mwaka wa tatu, alikuwa ametunga safari ya kumsaka Nyoka aliyezamisha mashua mtoni. Tulihangaika naye saa mbili nzima, na hatimaye tukamkamata. Hapo ndipo mchezo ulipokwama. Kaka mmoja wa Foshan akasema tumchukue Nyoka awe askari wetu, maana anaijua mito yote. Dada wa Mombasa akaweka dadu chini.

"Hajatubu huyu," akasema.

"Na nani kamwambia atubu?" akajibu kaka. "Tunataka atumike."

Walibishana mpaka mlinzi wa jengo akaja kuzima taa. Mwalimu wetu alikuwepo, akacheka, akasema hilo ni swali la historia na kwamba mtu aliandikie. Nimelichukua mimi, kwa sababu lile hekalu ambalo kaka alikuwa analifikiria lipo hapa hapa wilaya ya Baiyun, na wengi wetu tunalipita kila tukienda Sanyuanli kwenye masoko ya mikoba bila hata kugeuza shingo.

Ni Hekalu la Kale la Sanyuan, kando ya barabara ya Guangyuan. Leo ni makumbusho, na watoto wa shule huletwa hapo kujifunza habari za Mei 1841, wakati wa Vita vya kwanza vya Kasumba. (Neno kasumba kwetu siku hizi ni ugonjwa wa fikra, lakini zamani lilikuwa afyuni yenyewe, na vita vile vilipiganwa kwa ajili ya afyuni hasa.) Tarehe 25 Mei majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Hugh Gough yaliteka ngome za vilimani kaskazini mwa Guangzhou. Maofisa wa mji wakakubali kulipa fidia ya dola milioni 6 ili mji usipigwe mizinga. Wanakijiji wa kaskazini hawakulipiwa fidia na mtu. Askari waliingia mashambani kwao, wakachukua mifugo, wakafukua makaburi, na tarehe 29 wakawavamia wanawake wa Sanyuanli. Mkulima wa mboga aliyeitwa Wei Shaoguang ndiye masimulizi yanayemtaja kuwa alianza kupigana nao.

Watu wakakusanyika mbele ya hekalu. Wakatoa bendera iliyokuwa mle ndani, nyeusi yenye ukingo mweupe na nyota tatu, wakala kiapo mbele yake: ikienda mbele nao wataenda, ikirudi nyuma nao watarudi, na atakayekufa asiwe na manung'uniko. Kesho yake watu wa vijiji 103, kama masimulizi ya Kichina yanavyohesabu, wakawavuta Waingereza hadi kilima cha Niulangang. Mvua kubwa ikanyesha, baruti ikalowa, na kikosi kimoja cha askari wa Kihindi kutoka Madras kikapotezana na wenzake katikati ya mashamba ya mpunga mpaka kikaja kuokolewa usiku. Idadi ya waliokufa inategemea nani anayeihesabu: Waingereza walitaja wachache mno, Wachina wengi sana. Tarehe 31 wanakijiji wakaizingira ngome, ndipo liwali wa Guangzhou, She Baochun, alipotoka kuwasihi wazee wa vijiji watawanyike, kwa kuwa serikali ilishakubaliana na adui.

Habari hiyo kila mwanafunzi wa hapa anaijua. Jambo linalosemwa kwa haraka ni kwa nini bendera ilikuwa nyeusi. Katika hesabu ya Kichina ya pande za dunia, kaskazini ni maji na rangi yake ni nyeusi. Hekalu lile, lililojengwa mwanzoni mwa enzi ya Qing, lilikuwa la Beidi, Mfalme wa Kaskazini. Kwa hiyo watu wa Sanyuanli walikula kiapo chini ya bendera ya mungu huyo. Na mungu huyo, ukiuliza wazee wa Guangdong, Fujian na Taiwan alikuwa nani kabla ya kuwa mungu, wengi watakwambia alikuwa mchinja nguruwe.

Hadithi yenyewe huenda hivi. Mchinjaji alizeeka, akaanza kuona uzito wa damu aliyoimwaga maisha yake yote. Akatupa kisu, akaenda kando ya mto, akajipasua tumbo ili asafishe ndani yake. Mfuko wake wa chakula na utumbo wake vikachukuliwa na maji. Mbingu zikaona unyofu wake, naye akapandishwa kuwa mungu. Lakini ile nyama iliyobaki mtoni ilikuwa imeshiba uovu wa miaka mingi. Mfuko ukageuka kobe, utumbo ukageuka nyoka, na wote wawili wakaanza kuwasumbua watu. Ikabidi mungu mpya ashuke kupambana na matumbo yake mwenyewe. Alipowashinda hakuwaua. Aliwafanya maofisa wake, na katika sanamu nyingi utawaona chini ya nyayo zake, Kobe na Nyoka, wakitumika mpaka leo. Wengine huongeza kwamba upanga aliopigania aliuazima kwa Lü Dongbin, mmoja wa wale wateule wanane wasiokufa, na kwamba hajaurudisha. Ndiyo maana huonekana ameushika wazi mkononi: akiulegeza tu utaruka kurudi kwa mwenyewe. Yaani hata baada ya kutubu na kutakaswa, mungu wetu ana deni la watu.

Hiyo ni hadithi ya vijijini. Historia ya maandishi inaonyesha kitu cha ajabu zaidi. Tangu zamani sana, kabla ya mchinjaji wala mfalme, Kobe na Nyoka ndio waliokuwa mungu wenyewe. Waliitwa Xuanwu, wakachorwa wamekumbatiana, wakiwakilisha makundi saba ya nyota za kaskazini. Wakati wa enzi ya Song mungu wa kaskazini alikuwa ameanza kupata umbo la mtu, mpiganaji mwenye nywele zilizofumuliwa na miguu mitupu, na mnamo 1012 jina likabadilishwa kuwa Zhenwu kwa sababu silabi ya kwanza iligongana na jina la mzazi aliyedaiwa wa ukoo wa kifalme. Kwa hiyo wenye nyumba wakawa watumishi. Kisha, ili kueleza kwa nini wako chini ya miguu yake, ikahitajika hadithi kwamba walikuwa waovu wakashindwa. Mimi naona hapa ndipo penye fundisho kubwa kwa mwanahistoria kuliko mahali pengine popote katika habari hii: si kila "mwovu aliyesamehewa" alianza akiwa mwovu. Wengine ni miungu wa zamani waliopokonywa kiti, uovu wao ukatungwa baadaye.

Na aliyefaidika zaidi na mungu huyu alikuwa mfalme Yongle wa enzi ya Ming, ambaye mwaka 1402 alimpokonya mpwa wake kiti cha enzi kwa vita. Alitoka kaskazini, Beijing, akadai kwamba Zhenwu wa Kaskazini alimsaidia, na kuanzia 1412 akamjengea mahekalu makubwa juu ya mlima Wudang. Mungu aliyepanda cheo akamhalalisha mfalme aliyepora cheo. Karibu na mwanzo wa karne ya 17 mchapishaji wa Fujian, Yu Xiangdou, akatoa riwaya iitwayo Beiyou ji, yaani Safari ya Kaskazini, ambamo Zhenwu anazunguka dunia akiwashinda mazimwi, mmoja baada ya mwingine, na kuwaandikisha katika jeshi lake, mpaka wanatimia majemadari 36. Ukiisoma haraka inachosha. Zimwi linatokea, linapigwa, linapewa cheo, linafuata jingine. Lakini mchezaji yeyote wa gemu atautambua mpangilio huo mara moja.

Sasa turudi kwenye karatasi zetu za klabu. Mchezo tuliocheza una babu yake, Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Tangu mwanzo ulimtaka kila mhusika aandike upande wake: Sheria, Vurugu, au katikati. Wazo hilo lilitoka kwa waandishi wa riwaya, Poul Anderson na Michael Moorcock. Kufikia 1978 mhimili wa pili wa wema na ubaya ulikuwa umeongezwa, yakapatikana masanduku tisa. Mwaka 1980 kikatoka kitabu cha miungu, Deities & Demigods, ambacho kiliwachukua miungu wa Ugiriki, wa Misri, wa Skandinavia, na wa China pia, kikampa kila mmoja sanduku lake la maadili pamoja na idadi ya mapigo anayoweza kustahimili kabla ya kufa. Ndugu zangu, hebu fikiria kumwandikia mungu pointi za uhai! Wachezaji wengi waliisoma orodha ile kama orodha ya mawindo.

Sitaki kuwacheka sana, kwa sababu michezo iliyotokana na mpango ule imeuliza maswali mazito. Katika gemu la Baldur's Gate la 1998 adui mkuu ni Sarevok, mwana wa mungu wa mauaji. Mwaka 2001, katika sehemu ya mwisho ya mfululizo wa kwanza, anafufuliwa, na mchezaji anaweza kusafiri naye na kuzungumza naye mpaka, kwa maneno tu, sanduku lake linabadilika kutoka ubaya kwenda wema. Na Mask of the Betrayer ya 2007 inamkabili mchezaji na ukuta katika nchi ya wafu, uliojengwa kwa roho za watu ambao hawakumwabudu mungu yeyote. Mungu anayeulinda si katili kwa tabia, ni mwadilifu anayefuata kanuni. Mchezaji anaweza kuuasi ukuta ule, lakini hawezi kuubomoa. Hapo ndipo sanduku lenye neno "mwema" linapoanza kunuka.

Pamoja na hayo, mpango wa masanduku una dhana moja ambayo haimo katika hekalu la Sanyuanli: kwamba wema na ubaya ni hali ya moyo, na kuokoka ni moyo kugeuka. Mchinjaji, ni kweli, aligeuka moyo. Lakini Kobe na Nyoka hakuna popote wanapolia. Walishindwa, wakaapa, wakapewa kazi. Katika Kichina kuna neno la jambo hilo, nalo halikutoka hekaluni bali serikalini: zhaoan, kumwita mhalifu na kumtuliza, yaani kumsamehe kwa sharti aje kutumikia dola. Na mfano wake mkubwa kuliko yote ulitokea katika mto huu huu wetu wa Lulu.

Mwanzoni mwa karne ya 19 bahari ya Guangdong ilikuwa mikononi mwa maharamia waliojipanga kwa rangi za bendera. Kundi kubwa lilikuwa la bendera nyekundu, likiongozwa na mjane aliyejulikana kama Zheng Yi Sao pamoja na Zhang Bao, mtoto wa mvuvi aliyetekwa na maharamia akiwa na umri wa miaka 15 akapanda mpaka kuwa jemadari wao, na baadaye mume wa mjane huyo. Mwaka 1809 waliingia ndani ya delta, wakachoma vijiji, wakateka wanawake na watoto, wakadai fidia kwa kila kichwa. Jeshi la majini la Qing lilishindwa nao. Basi gavana mkuu Bai Ling akafungua mlango wa zhaoan. Aprili 1810 Zheng Yi Sao mwenyewe alikuja Guangzhou bila silaha, akiwa na wanawake na watoto wa maharamia, kujadili masharti. Watu zaidi ya 17,000 wakasalimu amri. Zhang Bao akapewa cheo katika jeshi la majini, na wiki chache baadaye akapelekwa kuwapiga maharamia wenzake wa upande wa Leizhou. Akawapiga kweli. Alipanda cheo mpaka akawa ofisa mkubwa wa Penghu, akafia kazini mwaka 1822. Mjane wake aliishi mpaka 1844.

Je, Zhang Bao alitubu? Hakuna aliyemuuliza. Alitumika, na mwambao wa Guangdong ukapata nafuu ya miaka kadhaa. Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyekereka: Lin Zexu, ambaye mwaka 1820 alikuwa bado mkaguzi kijana. Alimwandikia mfalme kupinga haramia aliyesalimu amri kupandishwa vyeo juu ya vichwa vya askari waaminifu. Ni Lin Zexu yule yule ambaye mwaka 1839 aliteketeza kasumba ya Waingereza kule Humen. Nikimfikiria, naona kwamba angekaa upande wa dada wa Mombasa mezani kwetu.

Sasa soma hadithi za miungu ukiwa na Zhang Bao kichwani, utaona kwamba mbingu za Kichina ni ofisi ya gavana. Mungu si lazima awe mwema, bali lazima awe na wadhifa, mhuri na eneo lake. Zimwi ni nani basi? Mara nyingi ni mwenye nguvu asiye na wadhifa. Katika riwaya ya Xiyou ji, Safari ya Magharibi, iliyochapishwa mwaka 1592, Sun Wukong anaiasi mbingu mara ya kwanza kwa sababu alipewa kazi ya kulisha farasi na akagundua ni cheo cha chini mno. Yeye, Zhu Bajie na Sha Wujing wote ni wahalifu waliohukumiwa, wanaolipa kwa kumsindikiza mtawa kwenda India. Red Boy, mtoto wa moto aliyetaka kumla mtawa huyo, anafungwa pete tano za dhahabu, moja shingoni na nne mikononi na miguuni, na kuwa mhudumu wa Guanyin. Na katika sura ya 66 Wukong anakwenda Wudang kuomba msaada kwa Zhenwu wetu, naye anampa Kobe na Nyoka pamoja na majoka matano. Wote wanatekwa. Adui waliyeshindwa naye, Nyusi za Njano, anagundulika baadaye kuwa kijana mtumishi wa Buda ajaye, aliyetoroka na vifaa vya bwana wake. Bwana anakuja akitabasamu, anamchukua kijana wake, wanarudi nyumbani. Hakuna hata mmoja anayeomba radhi kwa waliojeruhiwa. Vijana waliocheza Black Myth: Wukong tangu ilipotoka Agosti 2024 wamemkuta Nyusi za Njano mle, na wengi wamekasirika naye kuliko walivyokasirika walipomsoma. Labda kwa sababu gemu linakulazimisha kufa mikononi mwake mara kumi na tano, angalau mimi.

Kuna jambo moja katika riwaya ile ambalo siwezi kulipita. Sha Wujing, kabla ya kuwa mfuasi, alikuwa zimwi la mtoni aliyekula wasafiri. Miongoni mwao walikuwa watawa tisa waliotangulia kwenda kutafuta maandiko, na mafuvu yao hayakuzama, kwa hiyo aliyatunga kwenye uzi akayavaa shingoni. Anaposamehewa, mafuvu yale yanapangwa juu ya maji, kibuyu katikati, yanakuwa mashua ya kumvusha mtawa wa kumi. Wakishafika ng'ambo mafuvu yanageuka upepo, yanatoweka. Zimwi anapata jina jipya na kunyolewa kichwa. Watawa tisa hawana hata majina. Wale walioliwa ndio walioubeba msamaha wa aliyewala, kwa maana ya kubeba hasa, mgongoni. Nimesoma maelezo mengi ya mafuvu yale kama alama ya hili na lile, na sikatai. Lakini Sha Wujing anasafiri miaka mingi baada ya hapo akitumika kwa uaminifu, na haulizwi tena habari zao.

Nigusie kidogo kisa kingine cha Guangdong, maana kinahusu kucheza uhusika. Michezo ya jukwaani ya Kikanton ilichezwa hasa kwenye sikukuu za miungu. Foshan, katika hekalu kubwa la Beidi, jukwaa lililoko mpaka leo lilijengwa mwaka 1658 likimwelekea mungu, kwa kuwa yeye ndiye mtazamaji mkuu. Mwaka 1854 mwigizaji Li Wenmao, aliyezoea kucheza majemadari, akaingia katika uasi wa vilemba vyekundu, na waigizaji wenzake wakaenda vitani wakiwa na mavazi ya jukwaani. Walipiga kambi kaskazini mwa Guangzhou, upande huu wetu, wakashindwa kuuteka mji, wakahamia Guangxi ambako Li alijifanya mfalme hadi kifo chake mwaka 1858. Serikali ikachoma chama cha waigizaji Foshan na kupiga marufuku michezo ya Kikanton kwa miaka zaidi ya kumi. Yeye hakuitwa wala kutulizwa. Mlango ule ule alioingilia Zhang Bao kwake ulifungwa, na sidhani kama ni kwa sababu moyo wake ulikuwa mbaya zaidi.

Turudi kwenye Kiswahili, maana ugomvi wetu ulianzia kwenye tafsiri. Mwongoza mchezo alimwita Beidi "Mungu wa Kaskazini", kwa herufi kubwa, na mwenzetu mmoja Mwislamu akaomba libadilishwe. Alikuwa na haki. Mungu kwa Kiswahili hana eneo wala hana aliyemtangulia ofisini. Tukajaribu "mzimu", lakini mzimu ni wa ukoo na mahali pake. Tukajaribu "malaika", nayo ikavunjika tulipofika kwenye deni la upanga. Kwa Nyoka tulikuwa tumeandika "shetani", na nadhani neno hilo ndilo lililotupeleka pabaya, kwa sababu shetani katika masikio ya mtu wa Pwani amekwisha hukumiwa. Tungeandika "jini" mjadala ungekuwa mwingine kabisa. Majini wana dini zao. Sura ya 72 ya Qurani inasimulia kundi la majini waliosikia ikisomwa wakaamini. Jini, basi, anaweza kusilimu, na huko ni kugeuka moyo kama anavyotaka dada wa Mombasa.

Lakini Pwani ina njia nyingine pia, na kaka wa Foshan angeielewa bila mkalimani. Nimekulia Tanga, na ingawa nyumbani kwetu mambo hayo hayakupendwa, hakuna mtoto asiyejua ngoma za kupunga pepo zinavyokwenda. Mganga hamfukuzi pepo. Anamwita kwa ngoma na ubani mpaka apande kichwani kwa mgonjwa, kisha anamuuliza: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Pepo anajibu kwa kinywa cha mgonjwa. Wa ruhani ni wa Kiarabu, anataka usafi na marashi. Wa kibuki kule Unguja ametoka Bukini na anataka brandi. Watapatana: pete hii, kitambaa cha rangi fulani, chano cha vyakula mara moja kwa mwaka. Mgonjwa anakuwa kiti chake. Na pepo aliyekuwa akitesa anageuka mlinzi wa nyumba, wakati mwingine ndiye anayempa kiti chake kazi ya uganga. Masheikh wanalipinga jambo hilo, na wana hoja yao: wao wanasoma kisomo ili kumtoa, si kumkaribisha. Hizo ni njia mbili zilizoishi mtaa mmoja kwa muda mrefu, kama Lin Zexu na Bai Ling walivyoishi chini ya mfalme mmoja.

Tofauti ninayoiona kati ya chano na cheo ni hii. Pepo akivunja mapatano, mgonjwa ndiye anayejua kwanza, na ngoma hupigwa upya, kwa hiyo aliyeumizwa yuko ndani ya mkataba kama upande mmojawapo. Kwa Kobe na Nyoka mkataba ni kati yao na bwana wao tu. Wavuvi wa mto ule hawakuitwa. Kwa Zhang Bao vilevile: waliokaa mezani ni gavana na maharamia, si vijiji vya delta. Ndiyo maana siwezi kusema kaka wa Foshan alikosea, kwa kuwa njia yake ilizima moto mwaka 1810 pale ambapo mizinga ilishindwa. Wala siwezi kusema dada wa Mombasa alikosea, ila nadhani alidai kitu kisicho sahihi. Toba ni kati ya Nyoka na moyo wake, na sisi tuliokaa mezani tusingeweza kuipima hata kwa dadu. Alichostahili kukidai ni wenye mashua.

Nilimpa mwongoza mchezo rasimu ya makala hii aisome. Hakusema kitu. Ijumaa iliyofuata alileta karatasi mpya ya Nyoka, na mahali pa maadili, kwenye sanduku, alikuwa ameandika "anatumikia". Dada wa Mombasa aliichukua kalamu, akauliza zilizama mashua ngapi. Saba, akaambiwa. Akachora mistari saba chini ya sanduku, akaandika namba pembeni, 1 hadi 7, akamrudishia.

"Majina yao utayatunga wewe," akamwambia. "Tunakwenda kijijini kwao kwanza."

Tumefika kijiji cha pili.